Mahakama ilipovua viatu Ndia Kuu: kisa cha joho la Bakari kilichonitoa kwenye hati za viwanja

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Kuna kijana aliuliza humu majuzi, hivi wakili mwenye akili zake anaachaje kazi safi ya viwanja na meli, akaenda kuhangaika na mahabusu? Nilicheka peke yangu. Mmoja wa mawakili hao ni mimi, kijana, kwa hiyo kaa nikujibu. Sitatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wengine wametangulia mbele ya haki na waliobaki bado tunasalimiana.

Mimi ni mwanamke wa Kirabai niliyezaliwa na kukulia Mombasa, nyumba za baraza la mji pale Buxton. Baba alikuwa karani wa mizigo kule Mbaraki, Mkristo wa kukaa benchi la mbele, tai shingoni hata Jumamosi. Ndoto yake ilikuwa moja tu, binti yake awe wakili wa wenye meli.

Nilipomaliza sheria, miaka ya tisini mwanzoni, nikapata kazi kwa Muhindi mmoja nitakayemwita Bwana Jivan. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, karibu na mahakama. Kazi yetu ilikuwa hati za viwanja, mikataba ya kupangisha, mihuri na chai ya maziwa. Baba alifurahi mpaka akawa ananitaja kanisani bila kuulizwa.

Asubuhi moja Bwana Jivan akanituma mahakamani na karatasi za kiwanja. Karani niliyemtaka hakuwapo, nikaingia kumngojea ndani ya chumba cha hakimu, kwa sababu mle mlikuwa na feni.

Ndipo nikamwona Bakari kizimbani.

Mtu wa makamo, Mdigo wa Kwale, mwembamba, shati kalifunga vifungo mpaka cha shingoni. Mbele ya hakimu palikuwa na furushi la shuka. Inspekta aliyekuwa akiendesha mashtaka (enzi hizo polisi ndio waliokuwa waendesha mashtaka) akalifungua, akatoa joho.

Kwa msiolijua, joho ni lile vazi refu linalovaliwa juu ya kanzu, lenye darizi ya dhahabu kifuani. Mji wa Kale walilivaa masharifu, makadhi na wenye majina yao, siku ya Idi na siku ya arusi.

Inspekta akalinyanyua juu watu walione. "Mheshimiwa, mshtakiwa ni Mdigo, mtumishi wa nyumbani. Alikutwa Ndia Kuu amebeba hili. Alipoulizwa, akasema ni lake."

Watu wakacheka. Mpaka askari wa mlangoni akacheka.

Wakuu, kicheko kile nakijua. Nilikisikia shuleni, pale baadhi ya wasichana wa majumba makubwa walipotuita Wanyika, sisi watu wa Mijikenda, kama kwamba tumetoka porini jana yake. Si wote, nisiwaonee, nina mashoga zangu wa Mji wa Kale mpaka leo. Lakini kicheko kile hukaa mwilini.

Shtaka lenyewe lilikuwa kukutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi. Hilo shtaka halihitaji mtu wa kusema "nimeibiwa". Inatosha polisi ashuku, halafu mzigo ni wako kueleza umekipata wapi. Na polisi anashukuje? Anakutazama wewe, anatazama ulichobeba, akiona haviendani, basi.

Hakimu alikuwa mtu wa bara, mkavu wa uso. Akamuuliza Bakari amelipata wapi.

"Nilipewa, Mheshimiwa. Marehemu bwana wangu alisema wa kumwosha ni mimi, na joho lake liwe langu. Mkewe alikuwapo, yeye ndiye ajuaye."

"Basi aje aseme."

"Hawezi, Mheshimiwa. Yuko eda."

Hakimu akamtazama karani wake. Karani akamweleza kuwa mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi yake minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, wala hakai mbele ya wanaume wasio maharimu zake.

Inspekta akasema hivyo ni visingizio, na kwamba wamemuuliza mtoto wa ndugu wa marehemu, naye hana habari ya zawadi yoyote. Hakimu akasema mshtakiwa alete shahidi siku ya kusikilizwa, asipomleta ataamua kwa alichonacho. Na alichonacho kilikuwa joho na Mdigo. Kila mtu mle ndani alijua hiyo ni jela.

Sijui nilisimamaje. Nilisikia sauti yangu tu ikisema, "Mheshimiwa, naomba nimsimamie huyu." Karatasi za kiwanja bado ziko kwapani.

Niliporudi ofisini Bwana Jivan alinitazama juu ya miwani. "Nimekutuma na kiwanja, umenirudia na mtu." Nikajua kazi imeisha. Akavuta kitabu cha sheria kilichokuwa kimeliwa na mende, akapuliza vumbi, akanisukumia. "Haya, soma. Mtu haachwi njiani." Mungu amrehemu mzee yule, nilimpenda kama mjomba.

Nilikwenda rumande kumwona Bakari. Nilidhani ataniomba nimtoe haraka. Wapi. Aliniambia amekaa na wale wazee tangu alipoacha uhamali bandarini, hawakujaliwa mtoto, na bwana alipoanguka kiharusi yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimwogesha, akimlisha uji. Baada ya mazishi akafunga joho lake kwenye shuka apeleke kwao Kwale. Hakufika mbali.

Kisha akasema, "Dada, nakuomba jambo moja. Usimtoe Mama edani kwa sababu yangu. Mimi nitafungwa, nitatoka. Eda ndiyo kitu cha mwisho anachomfanyia mumewe."

Niambieni wakuu, mteja kama huyo unamteteaje?

Nikaenda Ndia Kuu, ile barabara kubwa ya Mji wa Kale. Na hapa mnicheke, nawaruhusu. Mimi msichana wa Buxton nilijua kitu kimoja kuhusu akina mama wa Mji wa Kale, kwamba wanapenda asumini. Basi nikanunua kikuba kizuri, asumini na rihani, kinanukia mtaa mzima, nikampelekea mwanamke aliye edani. Aliyekatazwa manukato. Karani alikuwa ameeleza mahakamani mimi nikisikia kwa masikio yangu mawili, na bado.

Barazani nikamkuta Salim, yule mtoto wa ndugu wa marehemu. Kijana mtanashati, mwenye adabu zake. Akakitazama kikuba, akanitazama mimi.

"Dada, nyumba hii ina msiba. Bi Zuhura hatoki wala hasumbuliwi. Mambo ya polisi tuyaache huko huko."

Nilikuwa nimeshageuka nirudi, sauti ikatoka juu dirishani, nyuma ya mbao.

"Salimu, ni nani huyo? Sauti ya mtoto wa kike. Muate apande."

Uzuri wa kuwa mwanamke, nikapanda. Bi Zuhura alikuwa ameketi juu ya mkeka, nguo nyeupe, uso mwembamba, mikono haina hina wala pete. Nikamwamkia, nikamnyooshea kikuba changu.

Wanawake waliokuwapo wakashika vinywa. Bi Zuhura akakitazama kikuba, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Mwanangu, hunijui hata kidogo, sivyo? Peleka nde hiko kabla hakijanitia dhambini. Kisha ndoo uketi, unambie wataka nini."

Nikakitoa nje, nikarudi, nikamweleza. Nilipofika kwenye neno rumande, akaninyamazisha kwa mkono.

"Bakari yuko rumande?"

Hakuwa na habari. Wakuu, yule mama kila asubuhi alikuwa akiuliza Bakari yu wapi, na kila asubuhi Salim alikuwa akimjibu amekwenda kwao kupumzika. Akalia sasa, matozi yakimshuka bila sauti. Halafu akasema apewe buibui lake, twende mahakamani saa hiyo hiyo.

Nyumba ikachafuka. Huyu anasema kwa dharura dini inaruhusu, yule anasema watu watasema nini, Salim yuko ngazini anasihi. Bi Zuhura amesimama katikati, buibui mkononi, hajui amtendee haki mumewe au Bakari. Mimi nikakumbuka maneno ya Bakari.

"Mama, usitoke," nikasema. "Nitaileta mahakama hapa."

Niliahidi hivyo bila kujua kama inawezekana. Nilimwonea huruma, basi.

Kwenye kitabu cha Bwana Jivan tulikuta sheria inaruhusu mahakama kumfuata shahidi asiyeweza kufika. Ilikuwa ikitumika kwa wagonjwa. Nikasimama mbele ya hakimu na hiyo hoja.

Inspekta akasema mahakama si tarishi wa kwenda kugonga milango ya watu. Hakimu akaniuliza shahidi anaumwa nini.

"Haumwi, Mheshimiwa. Amefiwa."

Hakimu akavua miwani, akasema hata kwao mjane ana miiko yake, na mama yake aliishika yote. "Tutakwenda," akasema.

Siku ile Ndia Kuu walipata la kutazama. Hakimu mbele, mimi nyuma, karani wa kike na mashine yake ya taipu kabebewa na tarishi, Inspekta na furushi lake, askari na Bakari mwenye pingu. Wauza vinyago walitoka madukani. Tulipofika mlangoni, Salim akasema kwa upole kabisa kuwa viatu huvuliwa hapa.

Hakimu akavua. Ikabidi wote tuvue. Inspekta alikuwa na buti za kamba ndefu, akakaa kwenye ngazi akihangaika nazo huku mahakama nzima ikimngoja, na soksi moja ikawa imetoboka kidole gumba. Tangu hapo sikumwogopa tena.

Ukumbini pamewekwa pazia. Bi Zuhura nyuma yake, sisi mbele, chini kwenye mazulia. Inspekta akauliza mahakama itajuaje ni yeye anayesema na si mwingine. Hakimu akamtuma karani aingie, amtambue, amlishe kiapo na abaki naye huko. Yule karani aliingia na uso wa kazi, akatoka baadaye na macho mekundu.

Kabla ya swali la kwanza, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Bakari yuwapo?"

"Nipo, Mama."

"Umekula?"

Bakari akainamisha kichwa, pingu zikalia kidogo. "Nimekula, Mama."

"Muongo wee," akasema Bi Zuhura. Hakimu akatazama dari. Hakumkataza.

Nikamuuliza aeleze habari za joho. Akaeleza taratibu. Mumewe alipohisi siku zake zimekaribia, hali akili anazo, alimwita Bakari mbele yake akasema, wewe ndiye utakayeniosha, na joho langu nimekupa tangu leo. Hakulitoa usiku kwa kificho, akasema, alilitoa yeye mwenyewe mchana, mbele ya mkewe.

Inspekta akauliza, atajuaje kuwa joho lililopo hapa ndilo hilo, na yeye hajalitia machoni tangu mazishi?

"Tazama ndani ya kwapa la kulia," akasema Bi Zuhura. "Pana kiraka. Nalikitia mimi, kwa uzi wa kijani kibiti, mweusi ulinishia. Bwana alinambia hakuna atakayeona. Nikamwambia mimi nitaona."

Hakimu akaligeuza joho kwa mkono wake. Kiraka kilikuwapo, uzi wa kijani.

Inspekta si mtu mbaya, nilikuja kumjua baadaye, lakini swali lake la mwisho ndilo lililokuwa vichwani mwa watu wote. "Mama, vazi la heshima namna hii. Kuna jamaa, kuna watu wa ukoo. Kwa nini apewe mtu kama huyu?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Mtu kama huyu ni mtu gani, baba? Mume wangu alilala asiweze hata kujifuta uso. Jamaa walikuya, wakasimama mlangoni, wakaenda zao, kunuka kuliwashinda. Huyu alimbeba kama mtoto mtanga. Alimwosha akiwa hai, na alipokufa akamwosha. Mwosha naye huoshwa. Wewe siku yako ikifika utataka uoshwe na ukoo, au uoshwe na akupendaye?"

Inspekta akasema hana swali zaidi.

Nilimtazama Salim, kasimama kando ya mlango, uso ukutani. Siku ile nikafahamu kuwa joho halikumuuma. Lililomuuma ni kwamba ami yake aliyemlea hakumchagua yeye kumwosha, na alijua kwa nini. Nilimsikitikia, nawaambia kweli.

Tukarudi mahakamani na mchana ule Bakari akaachiwa, na joho likaamriwa arudishiwe. Nikambebea mwenyewe mpaka ngazini, nimejaa furaha, nikamkabidhi.

Hakulipokea.

"Dada, nakushukuru, Mungu akuweke. Lakini nikipita nalo pale, nitashikwa tena. Askari watakuwa wengine, mimi nitakuwa yule yule. Niwekee wewe."

Wakuu, nilidhani nimeshinda. Maneno hayo ndiyo yaliyonigeuza maisha, kuliko hukumu. Niliona kuwa nimetoa mtu mmoja jela, na ile njia ya kumrudisha bado imefunguliwa wazi.

Nikalitundika joho kwenye kabati la ofisi, katikati ya hati za viwanja. Nikarudi rumande kuuliza nani mwingine amekamatwa kwa kushukiwa. Kulikuwa na Mduruma aliyekutwa na baiskeli yake, Mgiriama aliyehama nyumba na godoro lake kichwani, kijana wa Kipokomo mwenye redio ya kaka yake. Wote sura zao na vitu vyao havikuendana machoni pa mtu fulani. Nikaanza na wa godoro, maana alikuwa anacheka peke yake kila anapolieleza.

Baba alinuna. Alisema amenisomesha niende kwenye meli, mimi nimekwenda kwenye magodoro. Siku moja akaja mahakamani bila kuniambia, akakaa nyuma na tai yake, akamsikia yule Mgiriama akiachiwa. Jioni alininunulia viazi vya karai, hakusema kitu. Kwa baba yangu hiyo ilikuwa hotuba.

Eda ilipoisha, Bi Zuhura akatuma mtu. Anataka joho, na mimi nije. "Na safari hii," mjumbe akasema, "amesema ukija mikono mitupu usipande."

Nikaenda na joho na kikuba. Nilimkuta amevaa buibui lake, hina mpya mikononi, ananukia udi mpaka ngazini. Alikipokea kikuba changu kwa mikono miwili, akakitia puani akafumba macho kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Bakari, aliyekuwa ameitwa naye, avae joho.

"Mama, hapa ndani tu," Bakari akasema.

"Ndani ulivae ukawaoneshe panya? Twende ukanipeleke kaburini kwa bwana wako. Kwa ndia kubwa."

Tukashuka Ndia Kuu asubuhi, watu wote wako macho. Bi Zuhura katikati, Bakari kuliani ndani ya joho, mimi kushoto. Hatua chache tu, nikasikia viatu nyuma yetu. Salim. Alifika upande wa Bakari, akamtengeneza ukosi uliokuwa umekunjika, akaendelea kutembea naye sambamba.

Palepale alipokamatwa palikuwa na askari. Akamtazama Bakari, akatazama joho. Bi Zuhura akasimama, akamsubiri amalize kutazama. "Salaam aleikum, baba," akamwambia. Askari akaitikia na kusogea tupite. Nikalia barabarani kama mtoto, sioni haya kusema.

Ndiyo hivyo, kijana uliyeuliza. Miaka iliyofuata nimebishana na mahakimu, na polisi, na hata wabunge, juu ya lile shtaka na jinsi linavyochagua watu wa kulibeba. Kuna nilikoshinda na kuna nilikogonga ukuta. Nililojifunza ni kwamba sheria nyingi mbovu haziandikwi kwa chuki, zinaachiwa tu mtu mmoja atazame mwingine na aamue anafanana na nini. Na dawa yake huanza mtu mmoja akikubali kuvua viatu, aingie ndani, asikilize.

Uwanja nawaachia. Kama wewe au nduguyo mlishawahi kukamatwa na kitu chenu wenyewe, andika hapa, nitasoma moja baada ya nyingine, na wa kunicheka juu ya kikuba mnakaribishwa pia.

Nusura nisahau. Bi Zuhura alifariki zamani. Bakari naye ametutoka, kwao Kwale, mzee wa wajukuu. Baada ya mazishi mwanawe alinipigia simu. Nikamuuliza joho liko wapi.

"Shangazi, tumempa aliyemwosha baba."

Sikumuuliza ni nani. Ukikutana naye njiani amelivaa, msalimie, kisha umpishe apite.